Kachonga ANTX kwenye sarafu ya Justinian, nimemuuliza ananijibu "si mji uleule tu?"

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa mapumziko ya shifti ya usiku, nikaona kwenye mnada wa mtandaoni follis, sarafu kubwa ya shaba, ya Justinian, Kaisari wa Warumi wa karne ya sita. Maelezo yake: "Antiokia, alama ANTX, adimu, mwaka hausomeki." Saa nane usiku, simu yenyewe kioo kina ufa, nikaweka dau. Nikaipata kwa euro 140.

Imefika Jumanne. Pande la shaba hasa, gramu 21 na ushee, upana karibu sentimita 4. Nikailoweka kwenye maji yasiyo na madini, haya ya pasi. Usiku wa pili udongo ulioganda kulia kwa ile M kubwa ya upande wa nyuma ukaachia, herufi zikajitokeza moja moja: X, I, I, I. Mwaka wa 13 wa utawala wake. Nikavuta kiti nikakaa.

Kwa wageni wa mambo haya: M ni 40 kwa hesabu ya Kigiriki, maana sarafu hii ilikuwa na thamani ya nummi 40, nummi zikiwa vile visarafu vidogo kabisa vya shaba. Mpangilio huo aliuanzisha Kaisari Anastasius mwaka 498, pamoja na K ya 20 na I ya 10; E ya 5 ikafuata baadaye. Chini kabisa ya M ndipo inapokaa alama ya kiwanda kilichogonga sarafu: CON ni Konstantinopoli, NIK ni Nikomedia, KYZ ni Kizikos. Antiokia, hiyo hiyo ya Matendo ya Mitume ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, iliandika ANTX. Mwaka 526 tetemeko likaubomoa mji, 528 likarudi tena, ndipo wakaubadilisha jina ukawa Theoupolis, Mji wa Mungu. Kiwanda nacho kikaacha ANTX kikaanza THEUP na ndugu zake.

Sasa Justinian hakuandika mwaka wa utawala kwenye shaba zake mpaka mwaka wake wa 12, yaani 538/539. Mwaka wa 13 ni 539/540. ANTX na XIII kukaa kwenye sarafu moja ni sawa na kuletewa barua yenye muhuri wa posta wa Léopoldville, jina la zamani la Kinshasa, tarehe 1980.

Nikachukua lenzi ya sonara. Sarafu nzima ina kutu ya kijani iliyokolea, lakini ndani ya mifereji ya herufi nne za ANTX shaba inang'aa kahawia, kingo kali kama zimekatwa jana. Uwanja unaozizunguka umekwanguliwa, umebonyea kuliko pembeni. Na chini ya mguu wa A kumebaki kipande cha duara ambacho patasi ilikisahau. Juu ya hapo, katikati ya miguu ya M, kuna E, karakana ya tano. Konstantinopoli ilikuwa na karakana tano, A mpaka E. Kwangu mimi hii ilikuwa CON ya kawaida, zile zilizojaa kila mnada, mtu akaifanyia upasuaji ili ipande bei.

Najua mtakachosema, acha nijiseme mwenyewe: picha ilionyesha Kaisari anatazama mbele, ameshika tufe lenye msalaba. Sura hiyo inakuja na huo mwaka wa 12. Shaba zake za ANTX ni uso wa ubavuni. Ningeangalia sura tu ningejua. Sawa, uzembe wangu. Ila uzembe wangu haukushika patasi.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha sita. Jibu lake: nimeiloweka kwa hiyo hairudishwi, halafu "ANTX au THEUP si mji uleule tu?"

Hapo ndipo damu ilinichemka. Mji uleule! Hayo mabadiliko ya herufi ndiyo tunayotafuta sisi wengine, sura ya Kaisari hata mtoto anaitambua. Watu wamefukiwa na vifusi, wakajenga, wakaomba Mungu awape jina lake, na fundi wa kiwanda akalazimika kuchonga muhuri mpya. Yote hayo yako kwenye herufi nne tano chini ya M, na wewe unazikwangua kwa tamaa ya euro mia.

Na si yeye peke yake. Kuna wale kila dhahabu yenye CONOB wanaiandika Konstantinopoli. CONOB iligongwa hata Ravenna, Italia! OB ni dhahabu iliyosafishwa, na ni 72 kwa Kigiriki, kwa kuwa ratili moja ya dhahabu ilitoa solidi 72, yaani sarafu za dhahabu. Wengine wanasugua shaba kwa ndimu na brashi ya waya mpaka alama inafutika, halafu wanaandika "kiwanda hakijulikani". Kitajulikanaje na umekifuta?

(Wanaoniuliza Mswahili na shaba za Warumi wapi na wapi: fulusi tunayosema ilitoka kwa Waarabu, nao waliitoa kwenye follis hii hii.)

Jina la muuzaji siliweki hapa, mnada unashughulikia malalamiko yangu. Ila kama una follis ya Justinian ya ANTX na Kaisari anakutazama usoni, itoe leo uipige lenzi, hasa chini ya mguu wa A, uniambie umeona nini.