Naombeni ushauri: visukuku viwili, genge moja, umri wake unanichanganya

Msaka Visukuku: Wakuu, ripoti ya jiolojia naikabidhi kesho asubuhi na nimekwama. Kwenye genge nililopima, tabaka la chini lina amonaiti (yule wa gamba lililojiviringa kama konokono), la juu yake lina trilobiti (yule wa gamba la pingili), wote mabaki ya wanyama wa bahari wa kale yaliyogeuka mawe. Tumefundishwa la chini ndilo lililotangulia. Niandike kwamba amonaiti ndiye mkongwe? Msaada wa haraka tafadhali.

Mwana wa Chokaa: Kanuni hiyo aliiandika mwanasayansi wa Denmark, Nicolas Steno, mwaka 1669 na hadi leo inatumika. Andika, ukalale.

Mama Changarawe: Mimi niliwahi kuokota jino la papa kwenye changarawe changa kabisa. Kingo zimesagika, ncha imelika. Maji yalilichomoa kwenye mwamba wa kale yakalizika upya. Tangu hapo kisukuku chochote nakitazama kingo kwanza.

Kobe Mzee: Subirini jamani. Trilobiti wa mwisho walitoweka miaka milioni 252 iliyopita. Mleta mada, mistari kwenye gamba la amonaiti wako ni zigizaga tupu au imechanjika? Na matabaka yamelala au yameinama?

Msaka Visukuku: Imechanjika vijipande vidogo vidogo, kuifuatisha kwa penseli ni kazi.

Kobe Mzee: Basi kwa kawaida huyo ni wa Jurasiki au Kretasia, vipindi vilivyokuja baada ya trilobiti kutoweka. Swali la pili umeliruka.

Msaka Visukuku: Yameinama, karibu yasimame wima. Kuna na nyufa za tope la kale, ncha zake nyembamba zinaelekea juu. Sikuona sababu ya kuzitaja. Ramani nimeshaipaka wino, aya ya umri imekwisha, na kanuni ni kanuni.

Kobe Mzee: Sasa umesema! Tope likikauka hupasuka kuanzia juu: mdomo mpana juu, ncha chini. Ncha zikielekea juu, ujue mwamba umepinduka. Steno alizungumzia tabaka lilivyolala siku lilipotuama. Tabaka la trilobiti ndilo lililotangulia.

Jicho la Tatu: Hii ni chai. Trilobiti kapakana na amonaiti wa Jurasiki? Katikati hapo kuna zaidi ya miaka milioni 50. Imekwenda wapi?

Mama Changarawe: Imeliwa na mmomonyoko kabla tabaka jipya halijatuama. Mapengo hayo yapo tele. Na kule Glarus, Uswisi, miamba ya miaka zaidi ya milioni 250 imesukumwa ikapanda juu ya miamba isiyofika milioni 60. Usimwite kijana mwongo.

Jicho la Tatu: Basi alete picha ya mpaka wenyewe. Pengo la mmomonyoko mara nyingi huacha kokoto za mwamba wa kale.

Mwana wa Chokaa: Kijana, ripoti ni ya ulichokiona, si ya ulichokitamani.

Msaka Visukuku: Kokoto zipo, zimeng'ang'ania upande wa amonaiti. Napandisha picha. Aya ya umri naiandika upya, ila ramani siigusi.

Kobe Mzee: Ramani ndiyo yenye alama ya mwinamo. Tabaka lililopinduka lina alama yake. Iguse.