Waya wa umeme wa 1,800,000 kwa amplifaya: tunasikia, au tunapigwa?

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili bila matusi, najua linavyochoma.

Nina amplifaya ya mtumba niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, spika mbili za kusimama na kicheza santuri. TV na king'amuzi navyo vimeunganishwa humo humo. Tangu siku ya kwanza kuna mngurumo wa chini kwenye spika. Si mkubwa, ila wimbo ukinyamaza unausikia: mmmmm.

Rafiki yangu anayeagiza vifaa vya sauti kutoka Ulaya ameniazima waya wa umeme, yaani huu unaotoka ukutani kuingia nyuma ya amplifaya. Mita moja na nusu, mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, umevikwa wavu mweusi. Bei 1,800,000, na hapo kanipunguzia. Juzi nimeuchomeka. Mngurumo umekufa palepale. Nikaweka santuri ya dansi la zamani, nikamsikia mpiga besi anavyoburuta kidole kwenye uzi.

Mke wangu anasema hiyo ni kodi ya miezi sita. Sasa wadau, waya wa umeme unabadilisha sauti au haubadilishi? Ninunue au nirudishe? Nawasilisha.

Stima Msa

Rudisha, ndugu yangu. Mimi kazi yangu ni stima, niko Mombasa, na hesabu hii ni ndogo.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita. Wako ni mita 1.5, kwenda na kurudi mita 3, yaani omu 0.036. Amplifaya ikivuta ampea 2, na hapo umefungulia mpaka majirani wamehama, unapoteza volti 0.07 katika 230. Ukiweka waya wa fedha tupu, fedha inaishinda shaba kwa asilimia 6 hivi. Sita katika mia ya kitu ambacho tayari si kitu.

Halafu ndani ya amplifaya kuna transfoma, kuna daodi (hupitisha umeme upande mmoja tu), kuna kapasita mbili (huhifadhi umeme) kubwa kama makopo ya maziwa. Stima ya ukutani inaishia hapo, inageuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja. Spika haijawahi kuonja stima ya ukutani hata siku moja.

Sikio la Paka

Hesabu safi kabisa, ila umehesabu kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Nani kasema volti zinapungua? Tunazungumzia uchafu. Nyumba za siku hizi zina taa za LED za bei ya chini, chaja za simu tano, inveta, friji. Vyote vinarudisha takataka kwenye nyaya. Waya uliofunikwa vizuri kwa wavu wa chuma haumwagi takataka hizo kwenye nyaya za sauti zilizolala pembeni yake, hasa waya wa kicheza santuri ambao unabeba millivolti chache tu. Hilo liko vitabuni, si uchawi. Na kichwa kinachoingia nyuma ya amplifaya: kile cha bure kilichokuja na boksi ukikigusa kinacheza kama jino la mtoto.

Mtoa mada kasikia kwa masikio yake. Mnataka awaamini nyinyi awakatae masikio yake? Japani kuna wapenda sauti wanaosimamisha nguzo yao wenyewe ya umeme na transfoma yake, kwa ajili ya redio tu. Wall Street Journal liliandika habari zao mwaka 2016. Nao wote wamepigwa?

Mpemba wa Muscat

Sheikh wangu, nguzo ya Mjapani isikutishe, mtu akiwa na pesa hata mbuzi humjengea ghorofa.

Mimi nina swali la kitoto. Umeme wa Unguja unatoka Bara, unaingia baharini Ras Kiromoni, unatambaa chini ya maji mpaka Fumba kwa volti 132,000. Ukitoka hapo unapita vituo, nguzo, mita, kisha waya wa ndani ya ukuta aliouweka fundi asiyejulikana mwaka asioukumbuka mtu. Safari yote hiyo umeme haukusafishika. Ukifika mita moja na nusu ya mwisho, ndiyo unatawadha?

Sikio la Paka

Hahaha. Ila umeisoma safari kinyume, Mpemba. Kwa amplifaya, hiyo si mita ya mwisho, ni mita ya kwanza. Ndiyo iliyo jirani na nyaya za sauti. Bomba la mji linaweza kuwa na kutu kilomita ishirini, bado unaweka chujio jikoni.

Stima Msa

Chujio ni chujio. Shaba si chujio. Ukitaka chujio nunua chujio, kina koili na kapasita ndani yake.

Na kwa kuwa umeleta masikio: mwaka 2004 huko eneo la San Francisco, chama cha wapenda sauti kilikaa kufanya jaribio la kutotazama, yaani msikilizaji haambiwi ni waya upi umechomekwa. Waya wa umeme wa dola 2,500 dhidi ya ule wa kawaida unaokuja na kifaa. Watu waliozoea kusikiliza, wengi wao wakitarajia kuisikia tofauti. Majibu sahihi 73 katika 149. Asilimia 49. Ukirusha sarafu unapata hivyo hivyo.

Sikio la Paka

Najua jaribio hilo na sijalikataa. Lakini kumweka mtu chumba asichokijua, vifaa asivyovijua, umwambie "haya, jibu", ni mtihani, si kusikiliza muziki. Mimi waya wangu nimekaa nao miaka mitatu. Nikiutoa, naujua kwamba haupo.

Mpemba wa Muscat

Utaachaje kujua kwamba haupo kama ni wewe uliyeutoa?

Fundi Vingunguti

Jamani kabla hamjashikana mashati. Mtoa mada, nina maswali mawili tu. Moja: plagi ya huo waya wa Ulaya ikoje, ina miguu mingapi? Mbili: tangu umeuweka, ukigusa bodi ya amplifaya, yaani chuma chake cha nje, kwa mgongo wa mkono unahisi nini?

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Plagi ni ya duara, miguu miwili minene ya mviringo. Kwenye soketi zetu haiingii, nimeweka adapta ya Kariakoo, ile nyeupe inayokubali kila kitu.

La pili umenishtua fundi. Ndiyo, ukipitisha mkono kwenye chuma unahisi kama siafu wanatembea. Nikadhani ni ngozi yangu.

Fundi Vingunguti

Mkuu, izime sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Plagi hiyo ni ya Kijerumani, na ethi yake (njia ya usalama ya kupeleka umeme ardhini) haiko kwenye mguu. Ni vile vibati viwili vya ubavuni. Adapta yako haivigusi. Kwa hiyo amplifaya yako sasa hivi haina ethi ya ukutani, na hao siafu ni umeme kidogo unaovuja kwenye bodi ukitafuta pa kwenda. Leo ni siafu. Siku transfoma ikiungua ndani na waya wa moto ukagusa chuma, hakuna kitakachokata. Zaidi ya hapo umepoteza fyuzi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, ya ampea 13 au 3, kazi yake ni kuulinda waya. Ya Kijerumani haina, kwao kazi hiyo wameiachia swichi za kujikata zilizo kwenye sanduku kuu la umeme la nyumba. (Kuna wanaochomeka hata bila adapta, wanafungua tundu la juu kwa mfuniko wa peni ya Bic. Nimewakuta mpaka maofisini.)

Sasa tuje kwenye mngurumo. King'amuzi chako kina waya wa dishi, na dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma, si ndiyo? Hiyo ni njia ya kwanza kwenda ardhini. Amplifaya kwa waya wake wa zamani ilikuwa na ethi ya ukutani, njia ya pili. Njia mbili za ardhi zikiunganishwa na waya wa sauti, unapata duara, mkondo mdogo unazunguka humo, nao ndio mmmmm wako. Ule waya mweusi haukusafisha chochote. Adapta ya Kariakoo imekata ethi, duara likafunguka, mngurumo ukafa. Adapta ilikuwa bei gani?

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Elfu tatu.

Fundi Vingunguti

Basi. Rudisha waya wako wa zamani wenye miguu mitatu, kisha chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Usiguse kingine. Tuletee majibu.

Mpemba wa Muscat

Elfu tatu imefanya kazi ya milioni na laki nane! Fundi, Mungu akuweke.

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Nimerudi. Waya wa zamani, waya wa dishi nje: kimya. Nikarudisha wa dishi: mmmmm. Nimefanya mara nne, mke wangu amesimama mlangoni amekunja mikono, hasemi neno.

Fundi, sasa dawa ni nini? Siwezi kuishi bila taarifa ya habari.

Fundi Vingunguti

Kuna vitransfoma vidogo vya kutenganisha sauti, unakiweka kati ya king'amuzi na amplifaya. Sauti inapita, ardhi haipiti. Ethi ya ukutani usiikate kamwe, hata fundi gani akikushauri. Na umwite mtu apime kama ethi ya nyumba ipo kweli. Nimefungua soketi nyingi mjini hapa, waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma, haujafungwa popote. Kama hela ya waya inakuwasha, ianzie hapo.

Sikio la Paka

Fundi, kwa mngurumo nakuvulia kofia, sikuuliza plagi na ilinipasa kuuliza. Ila mmemaliza mngurumo, hamjamaliza mada. Kidole cha mpiga besi je?

Fundi Vingunguti

Mngurumo ukiondoka, kilichokuwa chini yake kinasikika. Kidole kilikuwepo siku zote. Na mngurumo mwingine hata waya wa dhahabu hauuwezi. Nilikuwa na mteja, transfoma ya amplifaya yake inalia saa za mchana tu. Tukaja kugundua jirani ana saluni, dada akiweka kikausha nywele kwenye moto mdogo, transfoma inalia, akizima, kimya. Vile vya bei ndogo hutumia daodi kukata nusu ya wimbi, na transfoma za mviringo hazilipendi hilo.

Sikio la Paka

Sawa. Mtoa mada, nami niko Tabata, Segerea hapa. Jumamosi njoo kwangu na waya wako wa zamani. Soketi yangu ina ethi, imepimwa, waya wangu una plagi ya miguu mitatu. Tuchomoe na kuchomeka, usikilize mwenyewe.

Stima Msa

Na nani atachomeka? Ukichomeka wewe, ni yale yale.

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Mke wangu amesema atachomeka yeye. Anataka pazia nyuma ya amplifaya na daftari la kuandikia, na anasema mara kumi hazitoshi, ziwe ishirini.

Sikio la Paka

Ishirini nyingi, masikio yatachoka.

Mtu wa Tabata (mleta mada)

Anasema chai itakuwepo.