Naomba ushauri: vijana na filamu bubu za Alice Guy

Wakuu, habari zenu. Nasimamia klabu ya filamu ya vijana mtaani kwetu, na nataka sana wamjue Alice Guy. Mama huyu Mfaransa alikuwa katibu muhtasi wa Léon Gaumont, mwenye kampuni ya kamera na filamu jijini Paris, na mwaka 1896 akaanza kuongoza filamu zenye hadithi. Baadaye akahamia Marekani, akaanzisha kampuni ya filamu ya Solax na kujenga studio Fort Lee, New Jersey. Inaniuma kwamba kazi zake nyingi zimepotea, na nyingine kwa miaka mingi walipewa sifa wanaume.

Nafikiria kuanza na Falling Leaves ya 1912. Daktari anasema binti mgonjwa hatafika mbali, jani la mwisho likidondoka naye atakuwa ameondoka. Mdogo wake anatoka usiku kuyafunga majani kwa uzi mtini. Kila nikiiona napata uchungu.

Sasa, vijana wetu wamezoea filamu zilizotafsiriwa na madijei. Maandishi ya kwenye skrini niwasomee kwa Kiswahili, au nitafute mpiga gitaa tu, picha zijieleze zenyewe? Aliyewahi kuonyesha filamu bubu anisaidie, hasa kwa watoto wa sekondari.