Jiko moja, tarehe mbili: niamini ipi?

Mchimbaji Mgeni:
Wakuu, habari zenu. Msimu uliopita tulifukua jiko la kale: mafiga matatu, udongo uliobabuka kwa moto hadi ukawa mwekundu, juu yake majivu na mkaa. Tukatoa vipande viwili vya mkaa, tukavipeleka maabara moja kupimwa kaboni-14, ile kaboni inayopungua taratibu baada ya kiumbe kufa na hivyo kuonyesha umri. Majibu yanapishana karibu miaka 400! Mwenzangu anasema tupige wastani yaishe. Mnasemaje?

Mkongwe wa Tabaka:
Nilipoona kichwa cha mada nikadhani ni mambo ya harusi, kumbe mkaa.

Usipige wastani, mdogo wangu. Kaboni-14 haikwambii moto uliwashwa lini. Inakwambia pete ile ya mti, yaani duara la ukuaji ndani ya shina, iliacha lini kupokea kaboni ya hewani. Mti unakua kwa nje. Pete za ndani zimeshafunga hesabu zao kitambo. Ukichoma mti wa miaka 300, mkaa wa kiini chake una karne tatu kabla moto haujawaka. Halafu kuni zenyewe huokotwa zikiwa kavu, nani anapikia mti mbichi?

Mimi yalinikuta. Nilichagua kipande kikubwa, kinang'aa, nikajipongeza. Kumbe hicho ndicho kilichotoka kwenye gogo! Siku hizi napekua majivu natafuta kijiti chenye gome, mbegu iliyoungua, ganda la kokwa. Mashine za kuhesabu atomi zinatosheka na miligramu moja hivi ya kaboni, kwa hiyo hata mbegu moja inaweza kutosha.

Mtu wa Maabara:
Naunga mkono, ila msisahau uchafu: vijizizi, na asidi za humiki, yaani zitokanazo na mimea iliyooza, zinazochuruzika na maji ya udongo. Ndiyo maana tunaosha mkaa kwa asidi, kisha alkali, kisha asidi tena. Kwa sampuli ya miaka 40,000, asilimia 1 tu ya kaboni ya leo inapunguza umri kwa takriban miaka 7,000. Na hizo namba zenu ni ghafi, au zimeshalinganishwa na kalenda kwa IntCal20, ule mchoro wa kugeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda? Kumbukeni "kabla ya sasa" kwetu ni kabla ya 1950.

Mchimbaji Mgeni:
Zimeshalinganishwa, mkuu. Nimefungua daftari la uchimbaji sasa hivi. Sampuli yenye umri mkubwa: kipande kama kidole gumba, pete zake zimenyooka, hazipindi hata kidogo. Ya pili: kijiti chembamba kuliko penseli, gome bado lipo, kilikuwa kimelala juu ya udongo mwekundu wenyewe.

Mkongwe wa Tabaka:
Pete zisizopinda ni gogo nene hilo. Shika kijiti. Majivu mliyabakiza?

Mchimbaji Mgeni:
Mfuko mzima, haujaguswa.

Mkongwe wa Tabaka:
Basi yaeleshe kwenye maji, mkaa na mbegu vitapanda juu; kinga kwa chekecheo la nusu milimita. Ukipata mbegu ishike kwa kibanio, uifunge kwenye foili. Usiiweke kwenye pamba: pamba nayo ni kaboni, tena ya juzi.