Impakti ya betri: Makita, DeWalt, Ingco au Total? Nishaurini kabla sijatoa pesa

Mwana wa Bamburi

Nduzangu, salamu. Ijumaa iliyopita nilipata pancha Mazeras, saa mbili usiku, malori yakinipita ubavuni na upepo wake ukiitikisa Probox juu ya jeki. Nati tatu zikatoka, ya nne ikagoma. Nikapanda juu ya wili spana kwa miguu miwili kama mkwezi anayetafuta madafu, ikateleza na kulamba kona za nati. Aliyeniokoa ni utingo wa lori na kipande chake cha bomba. Alinicheka, nami sikuwa na la kusema.

Gari langu hulala nje, karibu na bahari, na chumvi imeshafanya yake. Sasa nataka impakti ya betri, mashine ya kufungulia na kukazia nati, yenye kichwa cha soketi cha nusu inchi. Kwanza ya barabarani, pili ya nyumbani, maana breki na shoki za Probox na za Vitz ya mke wangu nabadilisha mwenyewe. Nimetazama hizi: Makita DTW285 (nguvu ya kuzungusha 280 Nm), Makita DTW300 (330 Nm), DeWalt DCF899 (950 Nm), na za volti 20 za Ingco na Total zilizoandikwa 300 Nm. Nina elfu ishirini, nikibanwa naongeza kidogo. Nichukue ipi?

Spana Kumi na Nne

Mimi ni fundi, niko Changamwe. Kabla ya chapa tuelewane kuhusu hizo namba. Nati za gurudumu za Toyota ndogo kama hizo zako hukazwa kwa 103 Nm. Ukitazama karatasi tu, zote ulizotaja zinatosha na kubaki. Lakini nati iliyokaa miaka miwili karibu na bahari haijui karatasi. Kutu huongeza ukaidi, na kijana wa pancha aliyekaza kwa mashine ya upepo huku akipiga soga ameongeza wake. Hapo ndipo unahitaji akiba.

Pili, kuna namba mbili na wauzaji huzichanganya, wengine makusudi. Kuna nguvu ya kufunga na nguvu ya kufungua, na ya kufungua ndiyo kubwa. Hiyo DeWalt 950 ni kufunga, kufungua ni 1,625. DTW300 hufunga kwa 330 na kufungua kwa 580. Basi ukiona boksi lina namba moja kubwa, uliza ni ipi.

DCF899 nimeifanyia kazi. Ni dude hasa! Lakini ikiwa na betri inapita kilo tatu, na urefu ni kama sentimita 22, kwa hiyo kuipenyeza kwenye bolti za shoki ndani ya tao la tairi ni mateso. DTW300 ina sentimita 14 na kitu. Siku utakapobadilisha ekseli ya mbele, ile nati ya kati hukazwa kwa 216 Nm, na hapo mashine ya 280 huanza kutokwa jasho. Kwa kazi zako mimi ningeingia DTW300.

Abu Likoni

Yakhe, utingo alikuokoa kwa bomba, si kwa Makita. Nunua bomba. Halitaki chaja.

Mama Probox

Abu Likoni, wewe sema kwa kuwa una kilo tisini. Mimi nina hamsini na mbili. Ile wili spana inayokuja na gari ni kama robo mita. Piga hesabu: 103 Nm kwa robo mita unahitaji kusukuma kwa uzito wa kilo 42, na hapo nati ni nzima, haina kutu. Ukiiongeza bomba ifike nusu mita unahitaji kilo 21. Kwa hiyo bomba si la kudharau, nalo liko kwenye buti langu. Lakini usiku, nimevaa buibui, sitaki kurukaruka juu ya chuma kando ya barabara ya Mombasa–Nairobi. Nataka kubonyeza nimalize, nirudi ndani ya gari.

Nina Total ya 300 Nm, mwaka wa pili sasa. Haijawahi kunikatalia nati ya gurudumu isipokuwa mara moja, na mara hiyo betri ilikuwa ndogo, ya ujazo wa 2 Ah. Nikaweka ya 4 Ah, ikatoka. Betri ndogo hulemewa mashine ikivuta kwa nguvu, hata ikiwa imejaa. Kwa hiyo mwana wa Bamburi, pesa ya kupanda chapa waweza kuiweka kwenye betri kubwa.

Na usiiache kwenye buti. Jua la huku kwetu na buti lililofungwa ni tanuri, na betri za lithiamu huzeeka haraka kwa joto. Yangu naibeba ndani kila jioni. Wanangu wanaiita kitinda mimba, maana hulala nami chumbani.

Dereva wa Fuso

Hizi zafungua lori?

Spana Kumi na Nne

Hapana. Lori kubwa la nati za M22 (uzi wa milimita 22) hutaka kama 600 Nm za kukaza, na zikishika kutu ni zaidi, hata DeWalt itahangaika. Hiyo ni kazi ya mashine ya robo tatu inchi au inchi nzima. Nusu inchi utaiua bure.

Kijana wa Kongowea

Mimi niwape kisa changu ili msicheke peke yenu. Nilinunua mashine barabarani, imebandikwa stika ya jina kubwa, betri imeandikwa "288VF". Muuzaji akaniambia hiyo ni volti 288. Nikafurahi! Siku ya tatu ikafa, nikaifungua: seli tano ndani. Seli moja ya lithiamu ikijaa haipiti volti 4.2, kwa hiyo tano ni 21. Ndiyo maana hata hizo "20V" na "18V" za chapa za kweli ni kitu kimoja, mmoja kahesabu ikiwa imejaa, mwingine ikiwa kazini. Namba 288 ni ya kukupamba.

Majuu Mpaka Mtwapa

Nami niongeze la chaja. Ndugu yangu alinitumia DeWalt kutoka Marekani, 20V MAX, mpya kabisa. Nikaichomeka ukutani. Moshi! Chaja za kule ni za volti 120, huku umeme wetu ni 240. Mashine na betri vilikuwa salama, nikanunua chaja ya huku na sasa inafanya kazi vizuri. Mkiletewa, someni nyuma ya chaja kwanza.

Spana Kumi na Nne

Naona watu wote wanazungumza mashine na hakuna aliyetaja soketi. Zile zinazong'aa za seti ya nyumbani usizitie kwenye impakti. Chuma chake ni kigumu, hupasuka zikigongwa na nyundo iliyo ndani ya mashine, na kipande kikiruka hakichagui jicho. Tafuta nyeusi za impakti, milimita 21 kwa Toyota. Rafiki wa gari la Honda au Subaru, 19. Kama una rimu za aloi chukua ndefu yenye ukuta mwembamba, au utaikwangua rimu.

Na kufunga: nati ianze kwa vidole, kisha impakti kidogo tu kwa kukatiza msalaba, umalizie kwa spana ya kupima nguvu, ile inayolia "tak". Ukikaza kwa impakti mpaka iishie yenyewe unanyoosha stadi, ile bolti inayoshika nati, siku nyingine inakatika mkononi. Nusu ya nati ngumu ninazofungua gereji zilikazwa hivyo, si kutu.

Abu Likoni

Kwa hiyo mashine, betri kubwa, chaja, soketi nyeusi, na spana ya kulia tak. Na bomba bado limo kwenye buti. Sawa.

Mwana wa Bamburi

Abu, umenishinda. Fundi, nimekusikia kuhusu DTW300, lakini na betri na chaja ilinipita mfuko. Nimechukua Total, nikaongeza betri ya 4 Ah, soketi nyeusi ya 21, na spana ya tak. Bomba nimepewa bure na jirani.

Jana nimeijaribu Vitz. Nati zote nne za mbele kulia zimetoka kama siagi, hata sikuamini. Tatizo ni kwamba gurudumu lenyewe limekataa kutoka! Rimu imeshikana na habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kwa kutu. Nati ziko mkononi, tairi liko palepale. Nimeivuta mpaka jirani ametoka kuangalia.

Mama Probox

Usivute gari likiwa juu ya jeki peke yake! Litie stendi kwanza. Rudisha nati mbili kwa vidole, zisikaze, halafu piga tairi teke kwa upande, kushoto na kulia. Likiachia, sugua habu kwa brashi ya chuma, paka grisi kidogo pale katikati. Stadi usizipake.

Abu Likoni

Teke halitaki chaja.