Jioni ya watoto katika makumbusho ya Dar es Salaam: tuanzie wapi?

Mzazi wa Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10, ambao wakirudi shuleni hukaa mbele ya televisheni hadi wakati wa kulala. Ninatamani angalau mara mbili kwa mwezi tuwe na jioni yetu makumbusho, lakini safari ya kwanza, pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ilitushinda: tulizunguka vyumba vyote, mdogo akalala mgongoni mwangu, na mkubwa hakukumbuka chochote isipokuwa magari ya zamani. Je, wenzangu mnawapeleka wapi, na wakifika hufanya nini zaidi ya kutazama?

Mama wa watatu, Sinza
Pole, dada. Jaribu Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, alasiri ya Jumamosi au Jumapili jua likiwa limepoa. Kule nyumba za makabila zimejengwa kama zilivyo vijijini, na mtoto huingia ndani badala ya kusimama nyuma ya kioo. Mwanangu wa mwisho alikaa muda mrefu ndani ya tembe la Wagogo akipapasa ukuta wa udongo, kisha akatoka na kuuliza kwa nini paa lake ni bapa na halivuji. Ngoma zikichezwa, waacheni wasogee karibu na wapigaji. Hakuna mtoto atakayelala hapo.

Mwalimu wa sanaa
Ninakubaliana na Mama wa Sinza, ila nisingependa Mtaa wa Shaaban Robert uachwe. Kosa halikuwa la jengo. Ni kutaka kuona yote kwa siku moja. Wapelekeeni penseli na daftari lisilo na mistari, mchague kitu kimoja tu, kwa mfano fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua bonde la Oldupai mwaka 1959, na kila mmoja alichore akiwa amekaa chini. Anayechora huona meno makubwa ya nyuma na mfupa uliosimama utosini, mambo ambayo mtazamaji hupita bila kuyagundua.

Siku nyingine wapelekeni kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa uchoraji, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za dukani juu ya ubao mwembamba wa mraba, na hadi leo watoto wanaweza kuona fundi akisubiri rangi ya chini ikauke kabla ya kuweka madoa ya chui, moja baada ya jingine. Kusubiri huko ni somo kubwa kwa watoto wetu.

Baba wa Kigamboni
Naomba niongeze jambo la muda. Makumbusho hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi na moja, akakutana na foleni, atafika mlango unafungwa. Kwa jioni halisi, sisi huenda kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, kunapokuwa na maonyesho au muziki, na watoto hula kwanza nyumbani.

Mzazi wa Tabata
Nawashukuru sana. Jumamosi hii tutaanza na Kijiji cha Makumbusho, na daftari mbili nimekwisha kuzinunua. Mwalimu, je, huyu wa miaka 6 nimwache achore apendavyo, au nimwelekeze?

Mwalimu wa sanaa
Mwache kabisa, dada. Ukimaliza kuangalia kazi yake, muulize tu alianza na mstari upi.