Niliuliza paa ni la nini, nikajibiwa "kazi ya Bazungu". Nimeuziwa nyumba ya amianti hapa L'shi (Lubumbashi)

Ndugu zangu, mama na papa mnaosoma humu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nimefanya biashara ya vitenge kati ya Kasumbalesa na soko Mzee kwa miaka 11. Wanaoijua ile njia wanajua ninachosema: kuamka saa 9 za usiku, foleni ya mpakani, mzigo kichwani, mvua, jua. Pesa hiyo niliiweka kidogo kidogo, na mwaka jana mwezi wa 8 nikanunua nyumba Bel-Air, komine ya Kampemba. Vyumba 3, salon, mwembe mmoja uani. Dola 38,000. Leo hii nyumba imefungwa kufuli. Watoto wangu 2 wako kwa dada yangu Katuba, na mimi na huyu mtoto wangu mdogo tuko kwenye chumba cha kupanga. Nina sertifika ya nyumba yangu mwenyewe mfukoni na ninalipa kodi kwa mtu mwingine.

Siku ya kuitazama ile nyumba niliuliza, na hili nataka lieleweke vizuri kwa sababu muuzaji sasa anasema sikuuliza. Tulisimama uani, mimi, yeye, komisionere (dalali wa nyumba) na mdogo wangu wa kiume. Nikaonyesha juu nikasema, "Papa, hii paa si bati. Ni ya nini?" Akacheka. "Mama, hii ni eternite, kazi ya Bazungu. Haiozi, haipigi kelele mvua ikinyesha, na nyumba inakuwa baridi. Mabati ya siku hizi hayafikii hapa." Nikauliza na plafo (dari), mbona imepakwa rangi mpya vyumba vyote. Akasema ameifanya nyumba iwe safi kwa heshima ya mnunuzi. Nikamshukuru. Nilimshukuru yule mtu!

Mwezi wa 1 ikaja mvua ya mawe, paa likapasuka upande wa jikoni, maji yakaingia. Nikaita fundi. Akaja na mashine ya diski, akashusha vipande vilivyovunjika, akaanza kukata vingine uani ili vitoshee. Siku 2 alikata. Mimi nilikuwa pale pale na mbabula yangu (jiko la makaa), maharagwe yako motoni. Lile vumbi lilikuwa jeupe, laini kabisa, likatua kwenye kifuniko cha sufuria, nami nikalifuta kwa kiganja nikidhani si kitu, kama unga wa bukari. Mtoto wangu wa miaka 7 aliokota kipande kidogo akawa anachora nacho gari kwenye sementi ya baraza, kama chaki. Lilikuwa zuri, na magurudumu yote 4. Nimelifuta kwa maji na kitambaa, nikatupa na kitambaa, lakini nikifumba macho bado naliona.

Siku ya 2 jioni akaja mpwa wangu anayefanya kazi ya usalama katika mgodi mmoja. Alifika getini, akaona mashine, akaona vumbi, akapiga kelele zimeni, zimeni hiyo kitu! Nilidhani kuna mtu amekatwa mkono. Akatutoa wote nje. Kisha akaokota kipande kimoja kwa mfuko wa plastiki aliouvaa mkononi, akanionyesha pale kilipovunjika. Kwenye ukingo kulikuwa na vinywele vidogo vidogo vimesimama, kama nyuzi za gunia lililochanika. "Mama mdogo," akasema, "hii ni amianti."

Kwa ambao hamjui, kama mimi nilivyokuwa sijui: amianti, wengine wanaiita asbesto, ni jiwe la nyuzi linalochimbwa ardhini. Wazungu walilichanganya na sementi wakatengeneza paa (ndiyo hiyo eternite), plafo, mabomba ya maji, matangi. Haliungui, haliozi, lina bei nafuu. Likikaa zima bila kuguswa, hatari yake ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa, likivunjwa, likisuguliwa kwa brashi, linatoa nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni, unazivuta, zinaingia ndani kabisa ya mapafu na hazitoki. Linaleta kansa ya mapafu, linaleta ugonjwa wa mapafu kukauka na kuwa magumu, na linaleta kansa ya utando unaofunika mapafu, inayoitwa mezoteliyoma. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya amianti waliyoivuta kazini. Na haliui leo. Ugonjwa unaweza kungoja miaka 20, 30, 40.

Nilimpeleka mtoto kwa daktari. Akapiga picha ya kifua, akasema ni safi. Nikafurahi. Ndipo akanieleza kwa upole kwamba picha ya leo haisemi kitu, kwamba siku 2 si sawa na miaka ya kazi kiwandani, uwezekano wa kuugua ni mdogo, lakini hakuna kiasi ambacho mtu anaweza kuapa kuwa ni salama. Mtoto ana miaka 7. Hesabuni wenyewe. Wakati wa kujua nitakuwa mzee au nitakuwa nimekufa, na yeye atakuwa baba wa watu.

Mpwa wangu alifunga vipande 2, kimoja cha paa na kimoja cha plafo, kwenye mifuko 2 juu ya mingine, vikaenda laboratwari ya Afrika Kusini pamoja na sampuli nyingine za watu wa kazini kwao. Nililipa mimi. Jibu likarudi: paa lina amianti nyeupe na ya buluu. Plafo nayo ina nyeupe. Kwa hiyo si paa peke yake. Ile plafo iliyopakwa rangi "kwa heshima ya mnunuzi" ilikuwa juu ya vitanda vya wanangu.

Na sasa sikilizeni hili. Yule fundi wangu, alipopata habari, alikuja mwenyewe nyumbani kwa dada yangu, uso umempauka, kwa sababu yeye ndiye aliyevuta vumbi kuliko wote. Akasema, "Mama, naomba unisamehe, ile plafo ni mimi niliyoipaka rangi." Muuzaji alimwita wiki moja kabla yangu. Mbao za plafo, zile za sementi, zilikuwa na nyufa, nyingine zimeanza kumeguka pembeni. Akaambiwa azibe kwa mastiki, apake mara 2, afanye haraka kwa sababu mnunuzi anakuja Jumamosi. Mnunuzi wa Jumamosi ni mimi.

Nikaenda kwa muuzaji na karatasi ya laboratwari. Nilienda na adabu, nimembeba na mjomba wangu mkubwa azungumze kwa niaba yangu. Tukakaribishwa, tukapewa maji. Mjomba akaeleza. Yule mzee akasoma karatasi, akaiweka mezani, akasema, "Kwani nani asiyejua? Nusu ya nyumba za zamani za mji huu zimefunikwa nayo."

Kumbe anajua! Kama kila mtu anajua, mbona nilipokuuliza kwa mdomo wangu uliniambia ni kazi ya Bazungu? Mbona mastiki? Mbona Jumamosi? Dada yake aliyekaa pembeni ndiye aliyeongeza, bila kukusudia, kwamba baba yao aliyefanya kazi ya kuezeka miaka mingi alikufa akikohoa kikohozi kikavu na kutolewa maji kifuani. Muuzaji akamkata, "Wewe nyamaza." Sijui baba yao aliugua nini, na sitasema. Lakini yule dada alinitazama, na mimi nilimtazama, na tulielewana.

Msinielewe vibaya kuhusu nyumba zenyewe. Mji huu umeanza 1910, ukiitwa Élisabethville, na mitaa mingi ya zamani ilijengwa na kampuni na utawala wa Wabelgiji kwa vifaa vya wakati ule. Anayeishi chini ya eternite nzima asiikimbie usiku huu. Kosa si kuwa na nyumba hiyo. Kosa ni kuijua na kumficha anayekuja na pesa yake na watoto wake.

Na kinachonichoma ni hiki. Shemeji yangu anaishi Antwerp, Ubelgiji. Nilipomweleza, alinyamaza kwenye simu, kisha akasema mwenye nyumba wake alipouza mwaka 2023 ilibidi kwanza alete cheti cha amianti. Huko kwake Flanders, sehemu ya Ubelgiji, tangu Novemba 2022, huwezi kuuza nyumba iliyojengwa kabla ya 2001 bila mtaalamu kuikagua na kuandika amianti iko wapi na iko katika hali gani. Ubelgiji wenyewe walipiga marufuku amianti 1998. Ufaransa 1997, na nyumba ambayo kibali chake cha kujenga kilitoka kabla ya tarehe 1 Julai 1997 haiuzwi bila ripoti. Afrika Kusini, waliokuwa wakiichimba, waliipiga marufuku 2008. Kwa hiyo waliotuletea hizi paa wanaambiana ukweli wanapouziana nyumba zao. Sisi tuliobaki chini yake tunapakiana rangi.

Nimechukua avoka (wakili). Wengi humu watasema Congo hakuna sheria ya hayo, mimi pia nilidhani hivyo. Avoka alinionyesha dekri (amri ya kisheria) ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ya zamani kuliko mji wetu, na bado inatumika. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa matumizi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa pesa yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Mkataba wangu una ule mstari wa "nyumba inauzwa jinsi ilivyo", na muuzaji anaushikilia kama msalaba. Avoka anasema mstari huo unamkinga muuzaji asiyejua. Aliyejua akanyamaza haumkingi. Lakini pia akanionya: kesi ya namna hii lazima ifunguliwe haraka baada ya kugundua. Ukikaa mwaka mzima unabembelezana kwenye vikao vya familia, umejipoteza. Tumefungua.

Kuhusu kuitoa: nimewaita mafundi 2 wanipe bei. Wa kwanza hakuwahi kusikia neno amianti. Wa pili alisikia, akasema hakuna shida, atavunja kwa nyundo na vipande atajazia mashimo ya barabara mbele ya nyumba, "hata majirani watafurahi." Yaani barabara wanayopita watoto wa shule! Kazi hii inatakiwa paa lilowanishwe, mbao za sementi zishushwe nzima bila kuvunjwa, zifungwe kwenye plastiki nene mara 2, na mfanyakazi avae maske ya kweli inayochuja vumbi la namna hiyo. Kitambaa hakizuii kitu. Na usifagie kavu, hata kidogo. Kama kuna mtu humu ameshafanya kazi hii vizuri hapa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, na akajua pa kuzika bila kumdhuru mwingine, naomba aniandikie. Ninauliza kwa dhati.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu usiku huu. Komisionere alinipigia leo mchana. Sauti tamu. "Mama yangu, mbona unajitesa na mahakama? Piga mastiki, paka rangi, weka mabati mapya juu ya ile eternite isionekane. Mimi nitakutafutia mtu kutoka mbali asiyejua hivi vitu. Utapata hata 42,000." Na si yeye peke yake. Mtu wa kanisani kwangu aliniambia hivyo hivyo. Jirani wa Bel-Air aliniambia hivyo hivyo. Hata mdogo wangu mwenyewe, aliyesimama uani siku ile akasikia uongo kwa masikio yake, ameniambia, "Yaya, na wewe uza."

Nimuuzie nani? Mama mwingine wa Kasumbalesa? Atakuja Jumamosi, atasimama uani, ataonyesha juu kwa kidole, ataniuliza, "Mama, hii paa ni ya nini?" Nimjibu nini mimi? Na pale barazani, mwanawe atachora nini?

Siuzi. Nikishinda kesi nitarudisha nyumba na kila mtu atajua inarudi na nini. Nikishindwa nitaitoa hiyo amianti mwenyewe mbao kwa mbao, hata ichukue miaka 11 mingine ya Kasumbalesa.

Kwa wanaotafuta nyumba mwezi huu, hasa mitaa ya zamani: ukiona paa la kijivu la mawimbi mazito, au plafo ya mbao ngumu za sementi zenye misumari ukingoni, usiipige nyundo ili kujua. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, laboratwari ndiyo inajua. Uliza mbele ya mashahidi, na jibu liandikwe ndani ya mkataba kabla hujatoa dola. Mimi niliuliza mbele ya mashahidi, sikuandika.

NYONGEZA, Alhamisi jioni: Asanteni kwa majibu, nimesoma yote. Wawili walionunua kwenye avenyu ile ile wameniandikia pembeni, mmoja kwa komisionere huyo huyo, na avoka wangu ataonana nao Jumatatu. Leo asubuhi nilikwenda Bel-Air na kopo la rangi nyekundu. Mnajua jinsi watu wanavyoandika ukutani "parseli hii haiuzwi". Mimi nimeandika, kwa herufi kubwa, kutoka getini hadi pembeni: NYUMBA HII INA AMIANTI. USIVUNJE, USIKATE. HAIUZWI. Komisionere ameshapiga simu mara 3. Anasema nimeshusha bei ya avenyu nzima, na anaomba nifute kabla ya Jumamosi.

Sifuti.